Tupeane uzoefu: ni jambo gani la bibi yako halikusomwa kwenye wasifu siku ya mazishi?

Mjukuu wa Mwisho

Wakuu, habari za jioni. Juzi Jumamosi tumemzika bibi yangu mzaa mama, kijijini kwetu wilaya ya Kilosa. Miaka 88. Wasifu wake ulisomwa kwa dakika nne, maana mchungaji alikuwa na msiba mwingine saa kumi. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alifanya kibarua kwenye shamba la mkonge, ameacha watoto 6, wajukuu 27 na vitukuu 11, alikuwa mcha Mungu na mpenda watu. Basi. Msomaji akakunja karatasi, tukaenda makaburini.

Jana tunagawa nguo zake, mama mdogo akachomoa chini ya godoro madaftari mawili ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ni ya chama cha kufa na kuzikana. Kwamba bibi alikuwa mweka hazina tulilijua. Kaya 43, kila kaya na mstari wake, kila msiba na safu yake, alama ya vema kwa aliyetoa. Waliokufa amewazungushia jina kwa kalamu nyekundu. Sasa kwenye baadhi ya vyumba hakuna vema, kuna herufi tatu: "mim". Tukakaa tunaulizana huyu Mim ni nani. Mama mdogo ndiye aliyeng'amua. Ni "mimi". Chumba ni chembamba, i ya mwisho haikupata nafasi. Kila kaya iliyokosa, bibi aliitolea mwenyewe, akaandika mim.

Nimehesabu daftari moja tu, ziko 61. Huyu ni mama aliyekuwa anauza karanga kwa kikombe. Kaya namba 17, misiba tisa mfululizo, mim, mim, mim.

Hakuna mtoto wake hata mmoja aliyejua. Tangu jana sina raha. Naomba tupeane uzoefu: la bibi yako, au mama yako, ambalo karatasi haikulisema ni lipi?

Kiti cha Nyuma

Mcha Mungu na mpenda watu. Ya babu yangu ilisema hivyo, ya bibi hivyo, ya shangazi hivyohivyo. Pole sana mkuu.

Mtoto wa Ziwa

Hiyo mim imenipeleka mbali. Bibi yangu wa Ukerewe alijifunza kuandika akiwa na watoto watano. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, halafu Ukerewe ikawa kati ya wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga kabla ya 1971 kuisha. Bibi akaingia darasani chini ya mwembe na mtoto mgongoni. Miaka miwili baadaye yeye ndiye anafundisha. Ubao ulikuwa mlango mbovu uliopakwa masizi.

Babu akakataa katakata kufundishwa na mke wake. Akawa anakaa kwenye kiti chake umbali wa hatua ishirini, anasuka kamba, kawapa mgongo. Mama yangu anasema siku moja alimkuta babu anaandika mchangani kwa ncha ya panga, ba be bi bo bu, kisha akafuta kwa mguu. Bibi alijua. Tangu siku hiyo akawa anafundisha kwa sauti kubwa zaidi. Darasa likadhani kawa mkali.

Babu alifanya mtihani wa 1975 na akafaulu. Wasifu wa bibi ulisema "alishiriki elimu ya watu wazima". Wa babu, ambao niliuandika mimi, ulisema "alikuwa msomi wa kujitegemea". Leo ningeuandika upya.

Redio Mbao

Bibi yako alikuwa pia kwenye ile kampeni ya vyoo? Wa kwetu alikuwa kiongozi wa kikundi. Redio moja, watu kumi na tano, wanasikiliza, wanajadili kitabu, kisha wanashika majembe. Ilikuwa 1971 hiyohiyo.

Mtoto wa Ziwa

Hapana mkuu, Mtu ni Afya ilikuwa 1973. Usichanganye na kisomo.

Redio Mbao

Mimi choo nimekiona kwa macho yangu, kimeandikwa mwaka kwenye saruji.

Kalamu Haina Kutu

Mtoto wa Ziwa yuko sahihi, Mtu ni Afya ni 1973, na Chakula ni Uhai ikafuata 1975. Choo kinaweza kuwa kilitangulia kampeni. Kuna akina mama walichimba kabla ya kuambiwa na redio. Tuendelee na mada, tafadhali.

Binti Kariakoo

Bibi yetu alikuwa mcheza lelemama Dar es Salaam. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaita akina mama waingie TANU mwaka 1955, alipita kwenye vikundi vya ngoma, kwa sababu huko ndiko wanawake walikuwa tayari na viongozi wao, michango yao na utaratibu wao. Bibi alikuwa anapeleka kadi za TANU nyumba kwa nyumba ndani ya buibui. Alikuwa na binti wa miaka minane anayetangulia mbele kuangalia njia. Binti huyo ni mama yangu. Wasifu ukasema "alipenda ngoma katika ujana wake". Mama aliposikia vile aliinuka akaondoka mkekani.

Kiti cha Nyuma

Kila bibi wa Dar aliuza kadi za TANU. Wangekuwa wengi hivyo Uhuru ungekuja 1956.

Binti Kariakoo

Walikuwa wengi hivyo. Na ndiyo maana ulikuja. Mimi sikuja hapa kuombwa risiti ya marehemu.

Kiti cha Nyuma

Samahani dada, nimekosa. Sikuwa na nia ya kumvunjia heshima bibi.

Wa Kibanjani

Nimeanza kuandika mara tatu nikafuta.

Sisi ni wa Bukoba vijijini. Nchini kwetu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Kijijini haukuwa na jina hilo. Watu walisema Juliana, wakasema karogwa, wakasema biashara ya mpakani imemponza. Bibi yangu alizaa saba. Kati ya 1987 na 1996 alizika watano. Wajukuu tulibaki tisa, nyumba moja, kitanda kimoja cha watu na mikeka.

Mama yangu alikuwa Mwanza. Mwaka 1994 alirudi kwa meli, akapanda gari mpaka barabarani, kondakta akamshusha na sanduku lake, gari likaondoka. Kutoka barabarani mpaka kibanjani kwetu ni mwendo wa nusu saa. Kulikuwa na wanaume wanne pale dukani. Waliangalia. Mmoja alikuwa binamu yake kabisa. Mtoto akakimbia kumwita bibi, na mimi nikamfuata bibi nyuma. Nilikuwa na miaka tisa.

Bibi hakuwasalimu wale wanaume. Alichutama, akamwambia mama yangu, panda. Mwanamke wa miaka sitini na kitu anambeba mgongoni binti yake mzima, kamfunga kwa kanga kama mtoto mchanga. Mimi nikabeba sanduku kichwani. Miguu ya mama ilikuwa inaning'inia, inagonga mapaja ya bibi kila hatua. Kandambili moja ikadondoka. Nikaipita, kwa kuwa sanduku lilikuwa zito. Bibi akasimama, hakugeuka, akasema, "Rudi uokote. Ataivaa." Nikarudi nikaiokota. Mama hakuivaa tena, ila ile kandambili ilikaa chini ya kitanda chake miezi minne, imepangwa sawasawa na mwenzake, na kila asubuhi bibi alizifuta vumbi zote mbili.

Usiku aliofariki, wanawake walikuja wakaishia mlangoni. Ni woga, siwalaumu sasa, wakati ule niliwachukia wote. Bibi alimuosha peke yake. Nilishika taa. Alikuwa anamsemesha kila kiungo anachokifikia, nageuza mkono mama, nanyanyua kichwa mama, kama mtu anayemwogesha mtoto asije akashtuka. Kulipokucha akatutoa wawili wakubwa akatupa jembe, tukachague naye mahali pa kaburi. Wiki iliyofuata tulikuwa shuleni wote tisa. Sare zilikuwa zimeshonwa kwa mapazia.

Mmoja kati ya tisa sasa ni daktari, wawili ni walimu, mmoja alitutangulia, waliobaki tunajitegemea. Wasifu wa bibi ulisomwa 2011. Walisema "alilea wajukuu". Maneno mawili. Nilikuwa nimeshika mwavuli wa mchungaji, sikuweza kufungua mdomo.

Mama Mapacha

Nimesoma nikiwa kazini, imebidi nitoke nje. Pole ndugu yangu.

Redio Mbao

"Ataivaa." Ee Mungu.

Kiti cha Nyuma

Yule binamu wa dukani mnaongea naye?

Wa Kibanjani

Alikuja kwenye msiba wa bibi. Alibeba jeneza, upande wa mbele. Hatukumkatalia.

Mpita Kyaka

Wa Kibanjani, umetaja Kagera ukanifungua na mimi. Hili sijawahi kuliandika popote.

Mazishi ya bibi yetu yalikuwa 2009, Missenyi. Watu wameketi, akaingia mwanaume wa makamo wa miaka thelathini hivi, hakuna anayemfahamu. Akapita wageni wote, akaenda kukaa walipokaa watoto wa marehemu. Akalia kuliko wafiwa. Mjomba wangu mkubwa, ambaye ni mkali, akamwinamia akamuuliza wewe ni nani wetu? Akajibu, "Mimi ni yule wa njiani."

Ikabidi atolewe pembeni aeleze. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, watu wa Missenyi walikimbilia kusini kuuvuka mto Kagera pale Kyaka. Bibi alikuwa na watoto wawili mkononi. Njiani wakamkuta mwanamke kwenye migomba, kashikwa na uchungu, waliofuatana naye wamemwacha. Bibi akawakabidhi watoto wake kwa jirani, akawaambia tangulieni, akarudi migombani. Alimzalisha. Akamfunga mtoto kwa kanga yake, akakaa na mzazi siku mbili mpaka aweze kutembea, wakavuka. Mwanzoni mwa Novemba daraja likalipuliwa.

Wakuu, kilichomuangusha mjomba ni hiki. Yeye ndiye mmoja wa wale watoto wawili waliotangulia. Alikuwa na miaka sita. Siku mbili alikaa ng'ambo ya mto na jirani, analia, anaamini mama yake kamtupa. Maisha yake yote mjomba alikuwa na kinyongo na bibi na hakuna aliyejua chanzo. Alikuwa analeta sukari, anajenga, anatibu, lakini hakuwa anakaa naye. Hajawahi kulala nyumbani kwa bibi tangu aoe. Siku ile, akiwa na miaka thelathini na saba, akaambiwa na mtu asiyemjua kwa nini mama yake alichelewa.

Yule bwana alikuwa amekuja na kanga. Mama yake aliitunza. Imebaki pindo moja tu na nusu ya maandishi. Mjomba aliishika akaingia nayo ndani, hatukumwona mpaka jeneza lilipotoka.

Mama Mapacha

Jamani.

Redio Mbao

Mwendelezo mkuu! Mjomba alisema nini alipotoka?

Kalamu Haina Kutu

Kwa nini bibi hakumwambia mwanawe? Miaka thelathini na moja yuko kimya?

Kiti cha Nyuma

Naomba kuuliza kwa heshima kabisa. Miaka ikipita wengine huongeza chumvi. Watu wawili na kichanga wanakaaje siku mbili migombani na wanajeshi wamejaa?

Mpita Kyaka

Mimi nasema kilichosemwa mbele ya ukoo. Bibi mwenyewe hakusema lolote, na mzazi alishatangulia. Mjomba alipotoka alisema neno moja tu kwa yule bwana: "Utabeba pamoja na mimi." Wakabeba. Kuhusu kwa nini hakusema, mama yangu anadhani bibi alijua ni nani aliyemwacha yule mwanamke, na waliomwacha walikuwa majirani zake mpaka anakufa.

Nesi wa Zamu

Inagusa sana. Lakini nisiponena nitakuwa mnafiki. Kwenye nyuzi kama hizi kila bibi anakuwa mkunga shujaa. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka ishirini na sita. Nimepokea wanawake waliocheleweshwa na wakunga wa nyumbani mpaka mfuko wa uzazi ukapasuka. Wale hawaandikwi kwenye uzoefu wa mtu.

Mtoto wa Ziwa

Zahanati ilikuwa kilomita 28 na mtumbwi mmoja. Bibi zetu wangefanyaje?

Nesi wa Zamu

Sijasema wangefanyaje. Nasema tusifute waliokufa kwa sababu tunawapenda waliosaidia.

Mama Mapacha

Nesi, nakuelewa, ila leo mtu kaleta msiba.

Nesi wa Zamu

Basi na mimi nilete wangu. Mkunga bora niliyemjua alikuwa bibi mmoja asiyejua kusoma. Alipitia mafunzo tuliyowapa wakunga wa jadi, akapewa kisanduku cha sabuni, nyembe na uzi. Kazi yake kubwa baada ya hapo ilikuwa kuwaleta. Usiku wa manane unasikia hodi, ni yeye, kamshika mjamzito kiwiko, anasema, "Huyu si wangu, ni wako." Alikuwa anakaa nje kwenye benchi mpaka asikie mtoto analia, ndipo anarudi kwao kwa miguu. Alipofariki nilikuwa zamu, nikanyimwa ruhusa. Sijui wasifu wake ulisema nini. Ningekuwapo ningesema kuhusu lile benchi.

Kalamu Haina Kutu

Hapo nimekuelewa nesi.

Mke wa Pili wa Babu

Niulize jambo na msinirushie mawe. Mama yetu aliolewa kwanza akiwa na miaka kumi na mitano, akaachwa kwa sababu ya kutozaa, kisha akaja kwa baba yetu akazaa wanane. Kaka zangu wanakataa ndoa ya kwanza isisomwe. Mama yu hai lakini hali si nzuri. Kusoma au kutosoma?

Redio Mbao

Msisome. Ni aibu kwa mzee wenu na kwa watoto.

Binti Kariakoo

Someni! Aibu ya nani? Yeye ndiye aliyetupwa kwamba hazai, na akazaa wanane. Hilo ndilo la kusomwa la kwanza.

Wa Kibanjani

Yu hai. Muulizeni yeye.

Mke wa Pili wa Babu

Nikimuuliza atajua tunaandaa wasifu.

Mama Mapacha

Usimuulize hivyo dada. Mzee ukimwambia nieleze maisha yako atakwambia nilizaliwa, nikaolewa, nimewazaa ninyi. Shika kitu. Fungua sanduku lake, toa kanga, muulize hii alikupa nani. Mimi kwa kanga saba nilipata mambo ambayo baba hakuwahi kuyajua. Na rekodi kwa simu, uiweke chini ya mto wako, si mbele ya uso wake.

Redio Mbao

Kumrekodi mzee bila kumwambia si vizuri. Mwache apumzike.

Kalamu Haina Kutu

Mwambie, halafu rekodi. Na mwaka wa kuzaliwa msibuni. Tafuteni kwa matukio: alikuwa mkubwa kiasi gani vita vya Hitler vilipoisha, alikuwa na mtoto gani mgongoni siku ya Uhuru, nani alikuwa tumboni mlipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Wa kwetu kwenye kitambulisho ni 1940, lakini kwa mtoto wa mgongoni siku ya Uhuru tukagundua kazaliwa kabla ya 1935.

Kiti cha Nyuma

Na msomaji asiwe mtoto wa kiume mkubwa. Huyo hulia au huruka. Apewe mjukuu wa kike mwenye sauti.

Mtoto wa Ziwa

Mjukuu wa kiume kafanyaje tena?

Kiti cha Nyuma

Kaandika "msomi wa kujitegemea".

Mtoto wa Ziwa

Hapo sina jibu.

Mjukuu wa Mwisho

Wakuu nimesoma yote, usingizi umekataa. Nirudi na la kwangu, maana leo limetokea jambo.

Asubuhi kaja mama mmoja nyumbani, mzee kiasi, kavaa vizuri kama anaenda kanisani. Ndiye kaya namba 17. Habari za daftari zilishamfikia, kijiji ni kidogo. Alileta shilingi elfu kumi na nane kwenye leso. Misiba tisa, elfu mbili kila mmoja. Alisema bibi alimkataza asiwahi kuzirudisha akiwa hai, na sasa si hai. Mjomba kasema tuzipokee, ndiyo heshima ya yule mama. Mama mdogo kasema tukizipokea tumemvunjia neno marehemu. Walibishana mbele yake, ikawa aibu. Mimi nikamuuliza yeye anataka ziende wapi. Akasema, "Ziingie chumbani mwake." Alikuwa anamaanisha chumba cha kwenye daftari. Msiba wa bibi una safu yake tayari, katibu wa chama ameshaichora, na kaya namba 17 ilikuwa bado wazi.

Tumeandika vema. Kilichozidi kimeingia mfuko wa chama, kwa kaya zitakazokosa.

Kesho chama kinakutana, nimeitwa nilete madaftari. Bibi ni namba 3. Jina lake bado halijazungushiwa, katibu kasema nizungushie mimi. Kalamu nyekundu yake tumeitafuta hatujaiona, nimenunua nyingine.